Picha Hii Ilipigwa Wapi? Shajara ya Mradi wa Kutambua Picha za Safari za Baiskeli, Mtwara na Lindi

Mei

Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Mtwara amekikabidhi kikundi chetu cha waendesha baiskeli maboksi ya picha alizoachiwa na wasafiri kwa miaka mingi. Nyingine ni za karatasi, nyingine zimo katika diski na kadi za kamera, na karibu zote hazina neno lolote la kueleza zilipopigwa. Sharti alilotupa ni kwamba tuziorodheshe kwa utaratibu, tumpe nakala ya orodha, na tusiionyeshe hadharani picha yenye sura ya mwenyeji kabla ya kumtafuta mwenyewe au ndugu zake. Tumekubali.

Ugumu wa kazi unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuzunguka kusini. Wasafiri hawa waliingia kwa njia tofauti: wapo waliovuka Rufiji na kushuka kupitia Somanga na njia panda ya Kilwa, wapo waliotoka Songea kupitia Tunduru, na wapo waliotokea Msumbiji. Picha ya baiskeli iliyoegemezwa kwenye mkorosho kando ya barabara ya vumbi inaweza kuwa ya Tandahimba, ya Mtama, ya Nachingwea au ya ng'ambo ya Ruvuma, maana mkorosho haujui mpaka.

Kazi tumegawana. Mwalimu wetu, mstaafu aliyefundisha jiografia Newala na Masasi, anashughulikia milima, mito na udongo. Fundi baiskeli wa Chikongola anatazama baiskeli zenyewe na mizigo yake. Kijana anayesomea upimaji wa ardhi ndiye mwenye kompyuta, na macho yake yamezoea kazi ya namna hii kwa sababu hucheza GeoGuessr, ule mchezo uliobuniwa na Msweden Anton Wallén mwaka 2013, ambamo mchezaji huonyeshwa picha ya barabara na kutakiwa kubahatisha iko wapi duniani. Mimi ni katibu, na shajara hii naiandika kwa niaba ya wote.

Tumekubaliana kwamba kabla ramani yoyote haijafunguliwa, kila mmoja ataandika kwenye karatasi yake mahali anapopadhani pamoja na sababu, na sababu sharti iwe kitu kinachoonekana ndani ya picha. "Panafanana na kwetu" haikubaliki. Kila picha itawekwa katika daraja mojawapo kati ya matatu: inadhaniwa, inaelekea, au imethibitishwa. Daraja la tatu halitolewi mezani. Picha haijathibitishwa mpaka mmoja wetu asimame pale kamera iliposimama na kuona vitu vikiwa vimepangana vile vile.

Kwa picha za kidijitali tumeanza na kilicho rahisi. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani ya faili tarehe, saa, na wakati mwingine latitudo na longitudo, lakini ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa, na hivyo ndivyo mwenye nyumba alivyopokea nyingi. Zilizotumwa kama faili na zilizobaki kwenye kadi bado zina saa. Saa hiyo nayo ni ya kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote: msafiri aliyetoka Ujerumani wakati wa baridi ana kamera iliyo nyuma yetu kwa saa mbili, aliyetoka wakati wa kiangazi yuko nyuma kwa saa moja, na ni wachache wanaokumbuka kuirekebisha wakiwa njiani.

Juni

Mwezi huu wote umekwenda kwenye vivuli, na sioni kama tumepoteza muda.

Mtwara iko karibu digrii 10 na robo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri hutupitia upande wa kaskazini, hivyo vivuli vya saa sita huelekea kusini. Kati ya Oktoba na Februari mambo hugeuka, jua likapita kusini yetu na vivuli vikaangukia kaskazini. Mtu aliyekulia Ulaya, ambako jua la mchana daima liko kusini, akitazama picha ya Julai iliyopigwa Masasi ataisoma dira kinyumenyume bila kujua. Baadhi ya wasafiri wetu wameandika nyuma ya picha "kuelekea kusini" hali vivuli vinasema walikuwa wakirudi kaskazini, na katika mgongano wa namna hiyo sisi tunakishika kivuli.

Urefu wa kivuli nao una habari zake. Tarehe 21 Juni, jua likiwa juu kabisa kwa siku hiyo, fimbo ya mita moja iliyosimama wima Mtwara hutoa kivuli cha sentimita 67 hivi. Fimbo hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, ingetoa sentimita 58 Dar es Salaam na 50 hivi Arusha. Mwezi Desemba kivuli chetu cha adhuhuri hakizidi sana sentimita 23. Kwa hiyo picha iliyopigwa adhuhuri, ikiwa na kitu cha kimo kinachojulikana na kivuli chake kikiwa kimelala kwenye ardhi tambarare, inaweza kutuambia ama tarehe ama latitudo, mradi moja kati ya hizo mbili tunaijua tayari.

Hapa ndipo picha za baiskeli zinapozishinda picha nyingine zote za safari, kwa kuwa zina rula ndani yake. Gurudumu la inchi 28 la baiskeli nyeusi ya Phoenix lina upana wa sentimita 71 hivi pamoja na tairi. Baiskeli nyingi za wasafiri wa mbali hutumia ringi ya milimita 559, ile ya inchi 26, au ya milimita 622, na Fundi huzitofautisha kwa kutazama nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu. Tukishajua gurudumu, tunapima kivuli. Tena gurudumu likionekana limebanwa upande mmoja, kiasi cha kubanwa kwake hutuambia baiskeli ilikuwa imegeuziwa kamera kwa pembe gani.

Kuna jambo la saa ambalo Kijana alilikokotoa na Mwalimu akalipenda. Saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, lakini Mtwara iko karibu digrii 40. Jua hutumia dakika 4 kwa kila digrii, kwa hiyo adhuhuri yetu ya kweli, kwa wastani wa mwaka, ni saa sita na dakika 19. Kigoma, iliyo chini kidogo ya digrii 30, hupata adhuhuri mnamo saa saba na dakika moja. Ukiwa na picha ambayo saa yake ni ya kuaminika na kivuli chake kinalala sawasawa na mstari wa kaskazini na kusini, tofauti hiyo inatosha kuiondoa Kigoma au kuiondoa Mtwara.

Julai

Masasi. Nitaandika kwa kirefu, kwa kuwa hii ndiyo picha ya kwanza kufikia daraja la tatu.

Ni picha ya karatasi, imefifia kuelekea rangi ya waridi. Baiskeli yenye mikoba minne imesimama kando ya barabara ya lami. Nyuma yake ipo nguzo ya umeme ya mti, na nyuma zaidi vipo vilima viwili vya mawe matupu, kimoja kikimfunika mwenzake kwa karibu nusu. Wote tuliandika Masasi, na sababu ilikuwa moja: miamba ile ya mviringo inayochomoza ghafla kutoka ardhi tambarare. Vilima vya namna hii vilimshughulisha sana Wilhelm Bornhardt, mjiolojia Mjerumani aliyeitembea nchi hii katika miaka ya 1890, kiasi kwamba wataalamu wa maumbo ya ardhi duniani kote bado huita milima ya mwamba mmoja kwa jina lake. Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti, naye alipita chini ya mawe haya haya.

Kusema Masasi ni rahisi. Masasi sehemu gani? Mji umezungukwa na vilima, na kutoka hapo barabara zinakwenda Ndanda, Newala, Nachingwea na Mangaka. Kijana alijaribu programu inayochora mstari wa milima kama unavyoonekana kutoka mahali popote. Programu nyingi za aina hiyo hutegemea vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na vipimo hivyo viko katika miraba ya mita 30 hivi kila upande. Kwa mlima mkubwa kama Uluguru vinatosha. Kwa jiwe la Masasi, lenye ubavu uliosimama kama ukuta, mraba wa mita 30 hulainisha ubavu na kukata kichwa, na mstari uliotoka kwenye kompyuta ulikuwa mviringo mpole usiofanana na kitu chochote kilichoko Masasi. Tukaiweka kompyuta kando.

Mwalimu akachukua penseli. Kanuni aliyoitumia ni ya zamani na haihitaji umeme: vitu viwili vilivyo katika umbali tofauti vikionekana vimegusana pichani, basi kamera ilikuwa mahali fulani kwenye mstari mnyoofu unaopita katika vitu hivyo viwili. Ukipata jozi mbili za namna hiyo, una mistari miwili, na kamera ilikuwa pale mistari inapokatana. Katika picha yetu ukingo wa kushoto wa kilima cha mbele unagusa kinundu kilicho juu ya kilima cha nyuma. Hiyo ni jozi ya kwanza. Jozi ya pili ni nguzo ya umeme na ufa mweusi wima ulioko kwenye mwamba, ambao huenda ni alama ya maji ya mvua.

Jozi ya kwanza ilitupa barabara. Tuliondoka mjini asubuhi kwa baiskeli, na kila tulipozidi kwenda vilima viliachana au kufunikana zaidi, mpaka tukafika sehemu ambayo ukingo na kinundu viligusana. Jozi ya pili ilitupa mahali pa kusimama. Nguzo ikiwa mita 50 mbele yako na mlima ukiwa kilomita tatu nyuma, kusogea mita moja tu pembeni kunaihamisha nguzo dhidi ya mlima kwa zaidi ya digrii moja, ambayo ni kama upana wa miezi mipevu miwili angani. Kwa hiyo kitu cha karibu ndicho kinachobana, ingawa wengi hudhani ni kile kikubwa cha mbali. Nguzo ya picha haikuwapo tena. Kisiki chake, kilichokatwa usawa wa ardhi na kupakwa lami ya kuzuia mchwa, kilikuwapo kwenye majani hatua chache kutoka nguzo mpya. Mwalimu alisimama, akainua picha usawa wa jicho, akarudi nyuma kidogo, akasogea kulia, akasimama tena. Ufa, kisiki na ukingo vikakaa.

"Hapa," akasema. "Katibu, andika hapa. Na andika kwamba mpigapicha alikuwa mfupi kuliko mimi au alipiga magoti, maana kwangu mimi barabara inaonekana zaidi."

Nimeandika.

Agosti

Fundi hakufurahishwa na Masasi. Kwa maoni yake tunazitazama picha kana kwamba baiskeli ni pambo. Basi mwezi huu tumemwachia kiti.

Anatumia kikuza-picha cha fundi saa na hutazama mnyororo kwanza. Vumbi jekundu la uwanda wa juu wa Makonde hushikana na grisi na kufanya ukoko wa rangi ya kutu kwenye spoketi na karia; mchanga mweupe wa pwani ya Mtwara na Msimbati ni mkavu, haushiki hivyo, hubaki kwenye tairi na kwenye vibano vya breki. Baiskeli moja pichani imeegemezwa ukutani mbele ya bahari, na mtu yeyote angeandika pwani na kumaliza. Fundi alisema, "Imefika baharini leo, lakini usiku wa jana imelala juu, Newala au Tandahimba. Tazama hili koko lilivyo bichi." Hilo halitupi mahali pa picha, ila linatupa mwelekeo wa safari, na kwa mwelekeo huo tumeweza kuzipanga picha nyingine za kadi hiyo hiyo, zilizokuwa zimechanganyika, kutoka uwandani hadi ufukweni.

Kwenye picha nyingine ameona kitu ambacho sisi wengine tuliona ni ukungu wa lenzi. Ni poda hafifu ya kimanjano iliyotanda kwenye majani ya mikorosho, juu ya tandiko na juu ya mkoba wa mbele. Hiyo ni salfa. Wakulima hupulizia salfa ya unga kwenye mikorosho wakati wa kiangazi, inapochanua, kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na mashine ya kupulizia huifanya itande kando ya barabara kama vumbi la gari. Kwa hiyo picha ni ya kati ya Juni na Septemba hivi, na iko ndani ya mashamba yanayotunzwa, si kwenye mikorosho ya pori. Katika picha za msimu wa mavuno, kinyume chake, chini ya miti huonekana mabibo yaliyoanikwa na magunia yaliyojazwa mpaka shingoni yakisubiri kupelekwa ghalani. Picha moja ya ghala ina maandishi ya chama cha msingi ubaoni, herufi tatu tu zikisomeka. Tunaitafuta orodha ya vyama ili tuzijaribishe.

Kuta za maduka zinafaa kwa miaka. Kampuni za simu huzipaka rangi zake, na majina yamebadilika kwa nyakati zinazojulikana: Celtel iliitwa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Halotel ilianza mwaka 2015, na Tigo ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Duka lenye Zain kwa hiyo lina dirisha lililofungwa kwa upande mmoja, yaani haliwezi kuwa kabla ya 2008. Kwa upande wa pili dirisha liko wazi, kwa sababu hakuna anayekimbilia vijijini kufuta ukuta. Nimeona rangi ya Celtel kwenye kibanda kimoja njia ya Nanyamba miaka mingi baada ya jina kufa. Ukuta hutoa tarehe ya mapema inayowezekana, na hapo unakoma.

Septemba

Ruvuma. Tulipeleka kwanza barua kwa mtendaji wa kijiji kueleza tunachofanya, kwa kuwa watu wanaozunguka mpakani na picha za mto mkononi wanahitaji kueleweka, hasa tangu machafuko ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya mto, yaanze mwaka 2017. Alitusikiliza vizuri na kutupa mtu wa kufuatana nasi.

Picha inaonyesha baiskeli mbili zimelazwa ndani ya mtumbwi, mvushaji amesimama nyuma na upondo, na ng'ambo kuna ukingo wa mchanga na matete. Swali ni hili: mpigapicha alisimama upande wa Tanzania au wa Msumbiji? Mimi nilitazama maji. Nyuma ya upondo kuna mkia wa povu unaoelekea kulia, maana yake maji yanatoka kushoto kwenda kulia. Ruvuma hutoka magharibi kwenda mashariki. Mtu anayeona mto huo ukitiririka kuelekea mkono wake wa kulia anatazama kaskazini, na kwa hiyo amesimama Msumbiji.

Mwalimu aliupokea mkia wa povu lakini hakuupokea mto. Ruvuma ya chini hujipinda, na kwenye kipinde unaweza kuyaona maji yakielekea kaskazini kabisa au hata kurudi magharibi kwa muda. Dira lazima itoke juani. Vivuli vya usukani kwenye ubavu wa mtumbwi vinamwelekea mpigapicha, na ni vifupi. Faili inasema Agosti. Mchana wa Agosti vivuli huenda kusini. Mpigapicha basi yuko kusini mwa mtumbwi. Ushahidi mbili, maji na jua, umekubaliana bila kutegemeana, na picha imepanda daraja la pili.

Haijapanda la tatu, nami sitegemei ipande. Tulilinganisha picha za satelaiti za miaka tofauti na kuona visiwa vya mchanga vimehama, vingine vimeota matete, vingine vimeliwa. Ukingo uliomo pichani huenda haupo tena duniani. Wazee wa kivukoni Kilambo walimtazama mvushaji, wakasema namna ya kukamata upondo ni ya watu wa juu ya mto, si wa kwao, na hapo wakaanza kubishana wao kwa wao. Nimeyaandika maoni yote mawili. Angalau tuna hakika ya jambo moja: wasafiri wa picha hii hawakutumia Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, ambalo lilifunguliwa mwaka 2010, ama kwa sababu halikuwapo, ama kwa sababu liko mbali mno kwa aliye pwani akiwa juu ya tandiko.

Wakati wa kurudi tulishughulikia picha mbili za Newala. Zilitupa kazi ndogo sana: zimepigwa kutoka Shimo la Mungu, bonde lote likiwa chini, na hakuna mahali pengine kusini ambapo uwanda unakatika namna ile.

Oktoba

Tarehe 20 tulikwenda Shangani na fimbo ya mita moja na timazi. Kwa hesabu za Kijana jua lilikuwa lipite moja kwa moja juu ya Mtwara siku hiyo, saa sita na dakika 4, mapema kuliko wastani kwa robo saa kwa sababu ya mwendo usio sawa wa dunia katika mzunguko wake. Kivuli kilipungua mpaka kikaingia chini ya fimbo. Watoto walioacha kuogelea waje kutazama walitaka kujua kama tutakirudisha. Faida yake kwa mradi ni ya moja kwa moja: tunazo picha ambazo baiskeli hazina kivuli kabisa ila doa chini ya mhimili, na kwa Mtwara na Lindi jambo hilo hutokea kwa siku chache tu za Oktoba na tena karibu na tarehe 21 Februari. Kilichobaki ni kutazama miti. Mkorosho wenye mabibo ni Oktoba. Shamba la mahindi mabichi ni Februari.

Jioni za mwezi huu tumezitumia kwa picha yenye maandishi "machweo, Lindi". Jua jekundu liko juu ya maji, ngalawa imelala upande. Tatizo ni kwamba mji wa Lindi umeitazama ghuba yake kwa upande wa mashariki. Aliyesimama ufukweni mjini huliona jua likichomoza majini. Linapozama liko nyuma yake, juu ya mapaa na vilima. Kwa hiyo ama ni mawio, na msafiri alichanganya alipopanga picha zake nyumbani, ama hakusimama mjini.

Kijana alikuza sehemu iliyo chini ya jua. Si kilima kitupu: kuna mstari wa mapaa, kuna mlingoti mwembamba, kuna minazi iliyopangwa. Huo ni mji, na mji pekee mkubwa wa ghuba hiyo ni Lindi yenyewe. Msafiri alikuwa Kitunda, ng'ambo. Tulivuka kwa kivuko na kusubiri. Jua la Oktoba lilizama kushoto kwa mbali na pale lilipo pichani, jambo tulilolitazamia: kwetu jua huzama karibu digrii 24 kaskazini mwa magharibi mwezi Juni na karibu 24 kusini mwa magharibi mwezi Desemba, na mji ukiwa mbele yako, ile tofauti ya digrii 48 ni sawa na kuhamisha jua kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kabisa. Kwa kuwa mlingoti bado upo, Mwalimu alipima pembe kutoka mlingoti hadi jua la pichani na kupata Juni au Julai. Picha hii imethibitishwa, mahali na majira yote mawili.

Novemba

Zimebaki picha ambazo si za kwetu, na hizi tunazipitia haraka. Jiwe la kilomita lenye kichwa cha njano kando ya barabara ya mlimani ni la Ufaransa, barabara ya mkoa. Lenye kichwa chekundu lingekuwa la barabara kuu ya taifa. Msafara wa magari upande wa kulia wa barabara na migomba kwenye vilima vya duara: Rwanda au Burundi, kwa kuwa Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Msumbiji zote huendesha kushoto kama sisi. Pikipiki yenye bamba linaloanza na MC ni ya Tanzania. Gari lenye bamba linaloishia na MC ni la Maputo. Kijana alizimaliza hizi jioni moja akinywa chai.

Kuna moja inayonisumbua. Barabara ya udongo inagawanyika mara mbili, na katikati ya mgawanyiko umesimama mbuyu mkubwa usio na majani, wenye vigingi vilivyopigiliwa kupandia juu na baka la gamba lililobanduliwa usawa wa kifua. Mbuyu uchi pamoja na vivuli vya kusini vinasema kiangazi. Mwenye duka wa Mchinga anasema ni njia ya zamani ya kwenda Kilwa, iliyoachwa barabara ya lami ilipopita kwingine. Dereva mstaafu wa lori, aliyeipita njia hiyo enzi za matope, anasema mbuyu huo uko mbele zaidi, na kwamba tawi lake la kulia lilianguka. Pichani tawi lipo.

Kwa sasa imeandikwa "inadhaniwa". Mbuyu hauhami kama mchanga wa Ruvuma, vigingi huacha makovu, na gamba likibanduliwa hujirudia polepole likiacha mpaka unaoonekana kwa miaka mingi. Kwa hiyo mti ukiwa hai tutautambua hata bila tawi. Njia ya zamani hupitika kabla mvua hazijakolea. Tunaondoka Jumamosi alfajiri, na Fundi ameshaanza kukaza spoki za gurudumu la nyuma la Mwalimu.